Pale Alipokuwa Baba Yako

Mwanangu Maimuna,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, kwa hivyo leo nazipita. Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako kule Buxton, na namjua shangazi yako, hakuachi mpaka ule, mpige picha, mlie, kisha ule tena. Nimepata nafasi ya kukaa peke yangu na kalamu. Sanduku lako liko hapa mlangoni, nimelifunga kwa ile kamba ya samawati uliyoikataa ukasema ni ya kishamba. Utanikasirikia, lakini ukifika huko utalijua sanduku lako kati ya mengine yote.

Sitakwambia habari za baridi, wala chakula, wala sala, wala watu wa kujihadhari nao. Hayo umeambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, hata yule muuza maji ambaye hajawahi kuvuka daraja la Nyali. Mimi nina jambo moja. Nimelizunguka muda mrefu, na kila tukiwa uso kwa uso nikilikaribia, najikuta nakuuliza kama umekula.

Ni habari ya ile karatasi.

Usiikunje barua hii. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ukitaka uitupe.

Wewe umezaliwa katika nyumba ya hina. Kabla ulimi wako haujanyooka ulikuwa ukiijua harufu yake ikichanganywa na ndimu, na ukijua kwamba siku ya harusi ya watu, mamako hayuko. Nimewapaka hina mabibi harusi wa Mji wa Kale, wa Kibokoni, wa Kuze, na mabinti zao nikawapaka pia. Kazi hii nilifunzwa na mamangu, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikiacha nafasi kwenye kiganja cha mtu, hata ndogo ya kupita sisimizi, alinipiga kidoleni kwa kile kijiti cha kuchorea piko, ile hina nyeusi, akasema, "Jaza! Mkono wa bibi harusi si uwanja wa mpira." Kwetu sisi mkono ulioachwa wazi ni fedheha. Wageni huja, humshika bibi harusi mkono, huugeuza huku na huku chini ya taa, na wakiona peupe pahali husema mpakaji alikuwa na haraka, au wenye harusi walibania. Basi nikajifunza kujaza. Ua, jani, kikonyo, nukta, na baina ya nukta na nukta, nukta nyengine.

Na kuna desturi nyengine ya kazi yetu ambayo ndiyo iliyonipeleka pabaya. Bibi harusi ana mikono miwili na miguu miwili, na wenye harusi hawangoji. Mmoja huanza, mwengine humaliza. Ukichoka unaweka koni ya hina chini, unanyoosha mgongo, na aliye karibu anaichukua na kuendelea pale pale ulipoishia bila ya kukuuliza. Hakuna mstari wenye mwenyewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisinzia na koni mkononi, na ukiamka ukiuona mguu umekamilika unafurahi, unasema, "Mama, tumemaliza." Nililipenda sana neno hilo. Nilikuwa nikilingoja.

Sitaficha kwamba nilikuwa na mipango yangu juu yako. Mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wangu tangu hujafika kimo cha meza, nami nilishawaambia watu kwamba nikichoka mimi, yupo Maimuna. Kisha baba yako akaniharibia. Alikuwa karani pale bandarini Kilindini, mtu wa kurudi nyumbani na habari za meli ambazo hakuna aliyemuuliza. Siku moja akarudi na habari ya mama mmoja wa Kijapani, Bi Haruko, mke wa mhandisi wa huko kazini, anakaa Kizingo na anafunza watoto kuchora kwa wino vile wachoravyo kwao tangu zamani.

"Nitampeleka Maimuna," akasema.

"Mtoto ana kuchora kwake hapa nyumbani," nikamwambia. "Aenda kufunzwa nini tena?"

"Wewe wamfunza kupamba. Nataka na kutizama afunzwe."

Nikamnunia siku nzima. Jumamosi ikafika, akakushika mkono mkaenda kwa miguu, nami nikasimama dirishani nikasikiliza makubadhi yake yakigonga mawe mpaka mlipopinda kona.

Nilidhani utachoka. Bi Haruko alikuweka muda mrefu unasugua wino tu. Ulikuwa ukinionyesha nyumbani, kile kijiti cheusi kigumu unakisugua juu ya jiwe na maji kidogo, taratibu, mpaka maji yawe meusi. Nikauliza kwa nini hamnunui wino wa chupa, madukani umejaa. Ukasema Bi Haruko anasema ukisugua ndipo moyo unapotulia. Nikakwambia moyo wangu mimi ungetulia ungenisaidia kuchekecha hina.

Kisha mianzi. Mwaka mzima ulikuwa ni mianzi. Pingili kwa mkupuo mmoja, jani kwa mkupuo mmoja, na ukikosea hakuna kufuta, maana karatasi ile inanywa wino kabla hujaomba radhi. Hilo nililielewa, kwa sababu ngozi nayo ni vivyo hivyo. Nisichokielewa ni kwamba ulikuwa ukichora mwanzi mmoja pembeni, basi, karatasi yote ikabaki nyeupe, na mtu mzima na akili zake anakwambia vizuri. Nilimuuliza baba yako kama huko Japani karatasi huokotwa njiani. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye alizitundika zote ukutani, akawa akirudi kazini anakaa kwenye kiti chake cha dirishani anazitazama, na kahawa yake inapoa. Nikimuuliza anaona nini, anasema, "Napumzika."

Kisha akafa. Wajua ilivyokuwa, sina haja ya kuirudia yote. Alirudi kazini, akavua makubadhi, akasema kifua kinambana, na Isha haikumkuta.

Nataka nikwambie nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu ulikiona chote na hukusema neno. Nilijaza. Nguo zake nilizigawa kabla ya arubaini. Kiti chake nilimpa mtu nisiyemjua vizuri. Pale dirishani kilipokuwa kiti nikaweka friji. Friji, Maimuna, mbele ya dirisha, inaziba upepo, na waya wake haukufika ukutani ikabidi tutafute waya wa kuongeza, kila mtu akawa anajikwaa. Watu wakiuliza nasema jikoni kuna joto. Ulikuwa uongo. Nilikuwa siwezi kupita pale pakiwa patupu. Redio nikaiacha inalia kutwa, sisikilizi linalosemwa. Eda ilipokwisha nikawa simkatai bibi harusi yeyote, hata wa Likoni, hata wa Malindi, nikawa narudi nyumbani mgongo umekatika na kichwa hakina nafasi ya kufikiri, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Wewe ulikuwa ukikaa sakafuni unasugua wino wako. Kimya chako kilikuwa kikinikera, kwa sababu nilikuwa nakisikia juu ya redio.

Ndipo Bi Haruko alipotaka kwenda kwao kwa mapumziko, akasema atachukua mchoro wako mmoja ampelekee mwalimu wake, mzee aliyemfunza yeye mwenyewe. Mzee huyo alikuwa hataki barua wala vyeti. Hutazama mchoro mmoja tu, na wa pili hautazami. Akiupenda, unakwenda kuishi kwake na kufunzwa. Siku zile ulikuwa huli. Ulikuwa unachora, unachana, unachora, unachana. Kila nikikwambia mianzi yako mizuri, peleka mianzi, unatikisa kichwa.

Siku ya safari ya Bi Haruko nilirudi alfajiri kutoka kwa watu wa harusi. Nikakukuta umelala juu ya mkeka na nguo zako, na karatasi iko kando yako. Chini kabisa, pembeni, makubadhi mawili mlangoni. Niliyajua mara moja ni ya nani, maana la kushoto lilikuwa limelala juu chini, vile alivyokuwa akilirusha kila siku akiingia, na kila siku nikiligeuza nikimwambia kiatu kupinduka si vizuri, naye akisema, "Basi kesho." Mikupuo michache tu, na nikasikia sauti ya kuingia kwake. Nilikaa chini nikalia. Hilo hulijui, kwa sababu sijakwambia. Kabla ya kuiharibu karatasi yako, niliilia.

Kisha nikaona weupe. Juu ya makubadhi, karatasi yote, hakuna kitu. Nikasema, maskini mwanangu, usingizi umemchukua hajamaliza, na Bi Haruko yuwaja asubuhi. Wino ulikuwa bado mbichi juu ya jiwe na ningeuacha ungekauka. Brashi yako sikuithubutu. Nikatoa kijiti changu cha piko mkobani, nikaendelea pale pale ulipoishia. Asumini. Nikaipandisha kutoka mlangoni, nikaizungusha, majani, vikonyo, nukta. Karatasi ilikuwa ikivuta wino, mistari ikinenepa, nami nikazidisha mwendo kama mkono wa bibi harusi asiyetulia. Nilikuwa nampambia baba yako mlango wake. Nilifanya kwa mapenzi yote niliyo nayo, na nilipomaliza niliona sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nikakufunika shuka, nikaenda kupika chai, nikangoja useme tumemaliza.

Ukaamka. Ukaitazama karatasi, kisha ukasema, "Mama, ni nani aliyeshika karatasi yangu?"

"Ni mimi. Ulilala hujamaliza."

"Nilikuwa nimemaliza."

"Wamalizaje nawe umeacha peupe pote pale?"

Ukaja mpaka mlango wa jikoni ukanitizama. Hukupiga kelele, na mpaka leo natamani ungepiga. Ukasema, "Mama, pale alikuwa Baba."

Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikakujibu, "Karatasi tupu, mtu nitamuonaje?"

Hayo ndiyo maneno ambayo ningeyameza kama yangerudi. Maua yalikuwa kosa la mkono uliozoea kazi yake, na mkono naweza kuutetea. Maneno yale siwezi. Niliuona uso wako ukifunga, nikajua nimegusa pabaya, na badala ya kunyamaza nikaongeza. Nikasema kama kila aliyekufa ni wa kuachiwa peupe, basi makaburini wamejaa. Nikasema nimekusaidia, na shukrani yake ndiyo hii. Uliinama ukaanza kuosha lile jiwe, ukaliosha na kuliosha, hata lilipokuwa safi.

Bi Haruko akaja. Akakaa juu ya mkeka, akaitazama karatasi kwa muda. Akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kwenda polepole, "Maua mazuri, Mama." Akanywa chai yake yote kwa adabu. Karatasi hakuichukua. Ulijaribu kuchora tena mbele yake, haraka haraka, na gari lake linangoja barabarani, na makubadhi yakatoka viatu tu. Akakushika kichwa, akaenda zake mikono mitupu, nawe ukabaki umeshika brashi mpaka wino ukakukaukia.

Ilikuchukua muda kupata tena mkono wa kuchora. Ulipoupata ukachora mianzi, ikatumwa, na jibu likachelewa, na lilipokuja lilisema yule mzee amepooza upande wa kulia na hafunzi tena, lakini mwanafunzi wake mmoja, mama mtu mzima, yuko tayari kukupokea. Tulishangilia, tukagawa halua kwa majirani. Nilishangilia kweli. Lakini niache niliseme mimi, maana wewe kwa adabu yako hutalisema: umeukosa mkono wa yule mzee kwa sababu ya mkono wangu. Lau karatasi ile ingekwenda siku ile, ungemkuta bado ameshika brashi. Sina la kufanya juu ya hilo. Nalala nalo, naamka nalo.

Waweza kuniuliza ni lini nilielewa, kwa kuwa siku ile sikuelewa. Nilikasirika wiki nyingi, nikawaambia hata watu kwamba una kiburi. Aliyenifungua macho ni bibi harusi mmoja, msichana wa bara aliyesilimu, anaolewa na kijana wa Majengo. Alikuwa hajui adabu zetu na hakuwa na haya ya kuuliza. Nimemshika mkono nampaka, akanitazama vidole, akasema, "Mama, wewe unapaka watu wote. Mbona mikono yako haina hata doa?"

Mamake bwana harusi akamwinamia, akamwambia polepole, "Mumewe amefariki, mwanangu."

Yule msichana akaitazama tena mikono yangu, mgongo na kiganja, vile wageni watazamavyo mkono wa bibi harusi. Akasema, "Pole sana, Mama. Sasa naona."

Sasa naona. Nilishindwa kuendelea, nikaomba maji. Aliona nini? Kiganja kitupu. Hakuna ua, hakuna jani. Na alimuona baba yako pale, yeye ambaye hakuwahi kumuona hata siku moja.

Wajua ilivyo kwetu. Mwanamke hupaka hina kwa mumewe. Mume akisafiri huiacha ififie, akirudi hupaka upya. Siku aliyokufa baba yako nilikuwa na hina mbichi, nimepaka kwa ajili ya harusi ya binamu yako, nyekundu inawaka. Niliingia nayo edani. Nikaiona ikififia viganjani, kisha vidoleni, kisha ikabaki kuchani tu. Hina ya kucha haitoki haraka. Ikawa inasukumwa juu, kidogo kidogo, na mimi naitazama. Siku niliyokata kile kipande cha mwisho chenye wekundu, nilikaa nacho mkononi kama mjinga, sijui nikiweke wapi. Kilikuwa kitu cha mwisho ambacho baba yako alikiona mwilini mwangu akakisifu. Tangu hapo sijapaka. Wenzangu wananiambia, eda imekwisha zamani, jipake japo kucha, mpakaji hina gani huyu mikono mikavu. Nawaacha waseme. Sikuwahi kufikiri kwa nini. Nilijua tu kwamba siku nikijaza pale, atakuwa ametoka.

Basi fikiria, mwanangu. Mimi niliyekuwa natembea na baba yako mkononi mwangu, namuosha na vyombo, naenda naye harusini, naletewa karatasi iliyofanya jambo lile lile, nami naipaka maua.

Niliporudi nyumbani siku hiyo nilitaka kukwambia. Ulikuwa unakunja nguo. Nikasimama mlangoni, nikakuuliza kama umekula.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu leo. Juzi ulipokuwa unapanga michoro ya kwenda nayo, nilikuja nyuma yako nikaitazama. Hukujua. Mianzi yako, Maimuna, umeijaza. Majani juu ya majani. Umetia ndege, umetia mawe chini, umetia na mwezi. Hakuna pahali pa kuweka kidole. Mwengine angesema umeendelea, na shangazi yako amesema hivyo hivyo, amesema sasa ndiyo inapendeza. Mimi nilihisi baridi. Nilikiona kijiti cha mamangu kikinipiga kidole, nikauona mkono wangu juu ya karatasi yako tena, na safari hii sikuwa nimeshika kitu. Na makubadhi hujayachora tangu siku ile, hata kwa kuchezea. Hata akitajwa baba yako unainuka ukatafuta kazi ya kufanya.

Naogopa nimekuharibia zaidi ya karatasi moja. Hilo ndilo. Naogopa umebeba jibu langu la jikoni ukaliamini, kwamba pakiwa patupu hapana mtu. Waenda mbali sana kujifunza kuacha peupe, na waenda ukiwa umejifunza kwangu kupaogopa.

Mimi sijui kuchora kwenu. Sijui ni wapi weupe unatosha na wapi umezidi, hayo utafunzwa na wenyewe. Ninachokijua ni ile hamu ya kujaza, kwa sababu nimeishi nayo. Itakujia huko, jioni, mvua inanyesha, hujui lugha ya watu, mwalimu wako amekunyamazia kutwa. Itakuja na sura ya bidii. Utajiona unafanya kazi, na kila mtu atakusifu kwa kufanya kazi, na wewe ndani unakimbia. Mimi nimekimbia hivyo miaka, na sifa nimepata. Nilipogeuka nyuma niliona nimemkimbia mtu niliyekuwa namtaka kuliko wote.

Karatasi ile uliitupa, nami nikaiokota. Iko kabatini kwangu, sikuitia sandukuni mwako, usiitafute. Ni kazi yangu mbaya kuliko zote, na chini yake kuna kazi yako nzuri kuliko zote, siwezi kuzitenganisha. Nitakaa nayo mimi. Wewe ukiweza, siku moja, si lazima iwe karibu, yachore tena makubadhi yale. Na la kushoto lilaze juu chini. Siligeuzi tena.

Sikuombi uniambie umenisamehe. Najua ukinikumbatia kesho utakuwa unanihurumia kwa kuniona nimezeeka, na huruma si msamaha, wala sitajifanya sijui. Utachukua muda wako. Vidole vyangu sasa vinauma asubuhi, macho yanataka taa mbili, na mabibi harusi wengi wameanza kuwaendea wasichana wanaojitangaza kwenye simu. Kazi ya mamangu itaishia kwangu. Zamani nilikuwa nikiliona hilo nakulaumu wewe. Sikulaumu tena. Nasikitika tu, na masikitiko yangu yasikuzuie kuondoka.

Jambo jengine utaliona mwenyewe ukirudi leo. Ulipotoka nilimwita jirani yetu wa chini na mumewe tukaisukuma friji mpaka jikoni. Imetukwaruzia sakafu. Kiti cha baba yako sikuweza kukirudisha, aliyekichukua nilimuuliza, kimeshavunjika. Kwa hivyo pale dirishani hapana kitu. Nimekaa chini hapo ninapokuandikia, upepo unaingia na karatasi inataka kuruka. Ni mara yangu ya kwanza kukaa hapa tangu afe. Si rahisi. Nimelia mara mbili na nimeinuka mara moja kwenda kuwasha redio, kisha nikarudi bila ya kuiwasha. Ukipita hapa usiseme kitu, nami sitasema. Sitaweka kitu tena. Na chumba chako pia, watu wameshaniambia nikipangishe. Nimekataa.

Nasikia sauti ya shangazi yako huko chini, amekusindikiza mpaka nyumbani kama nilivyojua. Nimalize.

Kesho uwanja wa ndege patakuwa na watu, na shangazi zako wote, na kelele, sitaweza kusema lolote katika haya. Nitakuuliza kama umekula. Kisha utapita kule ndani tusikoruhusiwa, na najua utageuka. Nitakuwa nimeinua mkono. Usinitazame usoni, uso utakuwa umeharibika kwa machozi. Tazama kiganja. Sikukipaka kitu. Mtazame baba yako vizuri, kisha uende.

Mamako